Namba Tasa ya Mwalimu Lodu

Zamani kidogo, ukifika Hai Mauna, mtaa mmoja wa Juba, ukauliza nyumba ya Mwalimu Lodu, hata fundi wa pikipiki angeacha spana yake akusindikize mpaka mlangoni. Si kwamba Lodu alikuwa na mali. Suruali za kufundishia alikuwa nazo mbili, na ya pili ilikuwa imeshaota kiraka. Alijulikana kwa sababu ya namba.

Namba hiyo ilizaliwa ukimbizini, Uganda, baada ya mapigano yaliyowatoa Juba yeye, mkewe Florence na binti yao Lilly. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi sitini akajikuta anasimama kwenye foleni ya maji na jerikeni mbili. Siku zilikuwa ndefu. Simu ilishauzwa. Ili kichwa kisiote kutu, alichukua daftari moja la Lilly akaanza kuwinda namba tasa.

Namba tasa, kama alivyopenda kuwaeleza majirani waliomkuta ameinamia daftari, ni ile isiyokubali kugawanywa na namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe. Kumi na mbili unaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, inakubali. Kumi na tatu inakataa zote. Mwanzo wa njia namba hizi ziko nyingi, lakini kadiri unavyokwenda mbele zinaadimika, na hakuna ajuaye kwa kutazama tu kwamba namba kubwa ni tasa au si tasa. Lazima uijaribu.

Siku moja akagundua jambo. Thelathini na moja ni tasa. Mia tatu thelathini na moja pia. Akaongeza tatu nyingine mbele: 3331. Akaijaribu, tasa. 33331, tasa. Kila akipachika tatu moja mbele, namba inakataa kugawanyika. Mwili ulimsisimka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na watu asiowajua.

"Baba Lilly," Florence alimwambia, "wenzako wanalima mchicha, wewe unalima namba."

"Mimi siko mtu wa kukaa bure, Mama Lilly. Ngoja uone."

Akafika kwenye ya saba: 33333331. Zile tatu saba na moja mkiani. Kuihakikisha hiyo kwa mkono kulitaka aigawanye kwa kila namba tasa kuanzia chini mpaka karibu elfu tano na mia nane, na hizo ni zaidi ya mia saba. Alifanya hivyo. Miezi minne, madaftari matatu, kalamu zisizo na idadi. Akikosea mstari mmoja alirudia ukurasa mzima. Siku alipomaliza mgawanyo wa mwisho na bado ikabaki baki, alitoka nje ya turubai akalia, na Florence akadhani ameletewa habari ya msiba.

Kazi ile ilikuwa ya kweli na hakuna awezaye kumnyang'anya. Kosa lake lilikuja baadaye, na lilikuja polepole.

Namba ya nane, 333333331, ingemtaka majaribio zaidi ya elfu mbili. Alipiga hesabu hiyo, akapumua, akafunga daftari. Akajiambia: kama saba zimekubali, ya nane itakataaje? Na waliporudi Juba, akapata kazi kwenye shule moja ya sekondari pale Mauna, akaanza kuwasimulia watu. Mwanzoni alisimulia ile ya saba. Lakini watu wanapenda kikubwa, naye akaona macho yao yanatoka zaidi akisema ile ya nane. Ile ya saba ilikuwa ya jasho, ile ya nane ilikuwa ya mdomo tu, na mwaka wa tatu alikuwa ameshasahau tofauti. Akaiita namba yake. Watoto waliimba tarakimu zake wakienda nyumbani.

Shule ilipokaribia kutimiza miaka kumi, mkuu wake, Bwana Linus, akaamua namba ile ichorwe kwenye ukuta unaotazama barabara. Akaitwa Ivan, kijana wa Kampala anayeandika vibao vya maduka mtaa wa Hai Cinema. Akaichora kwa rangi ya buluu, kila tarakimu urefu wa mkono: 333333331. Chini yake akaandika, NAMBA TASA YA MWALIMU LODU. Sherehe ikapangwa Jumamosi, wageni wakaalikwa, na mgeni rasmi angekuwa mchungaji mmoja mzee aliyewahi kufundisha hesabu ujanani mwake.

Sasa, Lodu alikuwa na kazi nyingine pale shuleni. Mara tatu kwa wiki, mchana, watoto wakishaondoka, alifundisha darasa la watu wazima waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa msingi. Walikuwamo askari waliostaafu, akina mama wa sokoni, na dereva mmoja wa lori. Na alikuwamo Anyieth, ambaye wote walimwita Mama Malual kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alitolewa shule akiwa darasa la tatu, akaozwa, akafiwa na mume, akalea watoto wanne kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na huko ndiko alikojifunzia Kiswahili chake. Asubuhi aliuza chai mtaa wa Juba Na Bari. Mchana alikuja na daftari lililofungwa kwenye kitambaa ili lisilowe.

Alikuwa mzito wa kuelewa, lakini akishaelewa haachii. Kumi na saba ndiyo iliyomtesa. Wiki moja kabla ya sherehe, Lodu alimwambia, "Mama Malual, kaa na hiyo kumi na saba mpaka ikuzoee. Kila namba utakayoiona, igawanye kwa kumi na saba." Naye akatii kama mtu aliyeandikiwa dawa. Aligawanya namba za pikipiki. Aligawanya namba za simu zilizoandikwa kwenye milango ya maduka. Na Jumatano, akipita barabarani, aliiona namba mbichi ya buluu ukutani, akasimama kwenye jua akainakili.

Alhamisi Lodu aliingia darasani akiwa na furaha ya mtu anayesubiri kupongezwa. Hata kabla hajashika chaki, Anyieth akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ile namba ya ukutani, umesema haigawanyiki?"

"Haigawanyiki, mama. Ndiyo maana iko ukutani."

"Mimi nimeigawa kwa kumi na saba, na haikubaki kitu. Nimerudia mara tatu. Sijui nimekosea wapi." Akainuka na karatasi mkononi. "Nilitaka unionyeshe."

Hakusema kwa ubishi. Aliuliza kweli. Yeyote aliyekuwa darasani angeweza kushuhudia hilo, na Lodu mwenyewe alikuja kulikumbuka kuliko yote. Lakini saa ile alisikia jambo moja tu: kwamba mtu amegusa namba yake mbele ya watu.

"Mama Malual," alisema, na akacheka kidogo, "juzi hapa ulikuwa hujui saba mara nane. Leo unataka kunisahihisha mimi? Hii namba nimelala nayo Uganda miaka miwili. Rudi kwenye birika lako. Wewe pima sukari, hiyo ndiyo utaiweza."

Darasa likacheka. Dereva wa lori alipiga meza. Anyieth alibaki amesimama kidogo, kama mtu asiyejua aelekee wapi, kisha akaiweka karatasi kwenye meza ya mwalimu, kwa mikono miwili, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima kitu. Akarudi kukaa. Hakutoka. Alikaa mpaka kipindi kikaisha, mikono juu ya kitambaa, bila kuandika neno.

Lodu aliichukua ile karatasi kwa nia moja: alitafute kosa na Jumatatu alionyeshe ubaoni, watu wajifunze. Nyumbani akakaa uani na kikombe cha chai. Mwandiko wa Anyieth ulikuwa mkubwa, wa mtu anayeogopa mistari. Thelathini na tatu kwa kumi na saba, mara moja, baki kumi na sita. Sawa. Mia moja sitini na tatu, mara tisa, baki kumi. Sawa. Mia moja na tatu, mara sita, baki moja. Hapa kwenye kumi na tatu aliweka sifuri. Wanafunzi wengi husahau sifuri, lakini yeye alikuwa ameiandika, kubwa, akaizungushia duara. Lodu akaanza kusoma polepole. Mstari wa mwisho ulisema hamsini na moja. Kumi na saba mara tatu ni hamsini na moja. Chini yake, sifuri.

Akageuza karatasi akazidisha upya, 19607843 mara kumi na saba, akitumaini. Zile tatu zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, nane, na moja mkiani. Jasho jembamba likamtoka.

"Baba, unaumwa?" Lilly aliuliza akipita na ndoo.

"Hapana. Joto tu."

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kukosea. Namba tasa zinaanza mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. Ingekuwa jaribio la saba. Na ukitoa zile tatu za mwanzo, ambazo hata mtoto anaziona kwa macho, ingekuwa la nne. Miaka yote aliyojisifia, hakuwa ameijaribu hata mara nne. Mama muuza chai alikuwa ameifanyia namba yake kazi kuliko yeye mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alikwenda kumwambia Bwana Linus. Aliyapanga maneno njiani. Lakini Linus alimkuta getini, akamshika mkono akampeleka mbele ya ukuta, akauliza, "Unaionaje?" Na Lodu, mtu mzima mwenye mvi, akajibu, "Rangi imekaa vizuri."

Jumamosi watu walijaa. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya maturubai, kwaya ikaimba, Florence akavaa gauni lake la harusi za watu. Mchungaji mzee alisimama mbele ya ukuta, akaitazama ile namba muda mrefu kwa macho ya mtu anayeipenda hesabu, kisha akamgeukia Lodu.

"Na hii umeihakiki mwenyewe, mwanangu?"

Kila mtu aligeuka kusikia.

"Ndiyo, baba," Lodu akasema.

Vigelegele vikapasuka. Florence ndiye aliyevipiga vya juu kabisa. Lodu akainua mkono kuwashukuru watu, na hapo ndipo alipomwona Anyieth. Alikuwa nyuma, kwenye meza ya chai. Shule ilikuwa imemwomba tangu mwezi uliopita awahudumie wageni, naye alikuwa ameahidi, na ahadi yake hakuivunja. Alikuwa anamimina chai kwenye vikombe vilivyopangwa. Amesikia. Hakuinua uso. Alimimina kikombe, akahamia kingine, akahamia kingine, bila kumwaga hata tone. Lodu alitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu darasani kiti chake kilikuwa kitupu. Jumanne vilevile. Alhamisi mtu mmoja akauliza, "Mama Malual amepotelea wapi?" na dereva wa lori akasema, "Amerudi kwenye birika," darasa likacheka tena, na safari hii kila kicheko kilimwingia Lodu kama mwiba, maana maneno yalikuwa yake.

Lodu alikuwa hali chakula. Wali alikuwa anausukuma huku na huko kwenye sahani. Florence akavumilia, mwisho akaondoa ile sahani akakaa mbele yake.

"Baba Lilly, sema."

Akasema. Alieleza juu ya karatasi na kumi na saba, juu ya mchungaji, juu ya uongo wake. Florence alisikiliza.

"Basi namba imekosa," alisema. "Namba si mtoto. Hiyo karatasi lakini, nani alikuandikia?"

Ndipo ikabidi aeleze na hiyo. Alieleza akitazama chini. Alipofika kwenye birika na sukari, ikabidi ayarudie maneno mawili ndipo yatoke. Florence hakupiga kelele. Mama yake mwenyewe alikuwa ameuza chai kule Koboko, Uganda, na ndiyo iliyomsomesha.

"Wiki nzima unalilia namba," alisema mwishowe. "Yule mama ulikuwa hujamlilia bado."

Kesho yake Lodu akaenda Juba Na Bari. Mahali pa Anyieth palikuwa karibu na mto, kibanda cha nyasi na viti vidogo vya kamba, wanaume sita wamekaa wanakunywa. Anyieth alipomwona hakushangaa. Alimvutia kiti kama mteja mwingine.

"Karibu, Mwalimu. Ya tangawizi?"

"Mama Malual, naomba tusogee pembeni kidogo tuongee."

"Maji yatachemka nikiondoka. Ongea hapa tu."

Wanaume wakageuka. Lodu akasogeza kiti karibu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ile hesabu yake ilikuwa sahihi, kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwamba maneno aliyomwambia hayakuwa ya mwalimu wala ya mtu, na kwamba anaomba msamaha. Anyieth alikoroga chai, akaiweka mbele yake, akafuta mikono.

"Ulijua lini kwamba iko sahihi?"

Lodu angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Alhamisi ileile."

"Kabla ya sherehe."

"Kabla ya sherehe."

Anyieth akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilirudi nyumbani nikaifanya tena. Usiku nikaifanya tena. Nilisema Mwalimu hawezi kukosa, basi ni mimi kichwa changu ni kibovu, kama vile kaka yangu alisema wakati wa kunitoa shule. Jumamosi nikasikia ukimjibu mchungaji, nikasema kalas, basi imekwisha, kichwa ni kibovu kweli. Nilikuwa nishagawa madaftari yangu kwa watoto, Mwalimu."

Lodu akakizungusha kikombe mbele yake.

"Wewe ulinitukana mbele ya watu," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mtu akikutukana sokoni, halafu akuombe radhi jikoni, hapo ameomba nini? Kunywa chai, inapoa."

Aliinywa. Ilikuwa moto, ikamuunguza ulimi, akaimaliza.

Jumatatu, wanafunzi wote wakiwa mstarini na walimu mbele yao, Lodu alimwomba Bwana Linus dakika tano. Alisimama na karatasi ya Anyieth. Akasema namba ya ukutani si tasa, inagawanyika kwa kumi na saba, na jawabu akalisoma tarakimu kwa tarakimu. Akasema aliyeligundua ni Anyieth, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, na kwamba alipomwambia, yeye alimcheka. Akaeleza maneno aliyotumia, yote, hata sukari. Akasema alimdanganya mchungaji akijua. Watoto walikuwa wamenyamaza kiasi cha kusikia bendera ikipiga mlingoti. Kisha mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine, na likawa wimbi. Lodu alisimama akalipokea mpaka likaisha.

Linus alimwita ofisini akiwa amekunja uso. "Hukuweza kuniambia Ijumaa? Ulisimama pale na mimi, ukasema rangi imekaa vizuri!"

"Niliona aibu."

"Na sasa je?"

"Sasa naona zaidi."

Barua ya onyo ikaandikwa, ikawekwa kwenye faili lake. Akaenda pia kwa mchungaji, kwa miguu. Mzee yule alimsikiliza, akaomba kuiona karatasi, akaifuata hesabu kwa ncha ya kidole, na alipofika kwenye ile sifuri iliyozungushiwa duara akatabasamu. "Huyu mama anaogopa kusahau," alisema. "Ni mwanafunzi mzuri." Juu ya uongo hakusema kitu, na Lodu angeona nafuu kama angekaripiwa.

Ivan aliitwa kupaka ukuta chokaa. Linus, hasira ilipompoa, akapendekeza iandikwe ile ya saba, kwani hiyo ni tasa ya haki na madaftari yapo. Lodu akakataa. Alisema mtu akitaka kuiona aje aone madaftari.

Habari za mstarini zilifika Juba Na Bari kabla ya saa sita. Anyieth hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Alirudi ya tatu, na daftari jipya, lakini hakuingia darasa la Lodu. Alikwenda kwa Linus akaomba ahamishiwe kundi la Mwalimu Tut, ambalo lilikutana siku nyingine, na akapewa. Alipopishana na Lodu uwanjani, alisimama akamsalimu kwa heshima ileile.

"Habari ya nyumbani, Mwalimu? Mama Lilly mzima?"

"Wote wazima, Mama Malual. Na watoto?"

"Tunashukuru."

Akapita. Lodu alibaki amesimama na chaki zake. Alikuwa ametumaini kumfundisha mpaka mtihani, awe na la kujitetea siku moja. Hakupewa. Tut ndiye aliyemfundisha sehemu na asilimia, na Tut ndiye aliyekuja ofisi ya walimu Februari na karatasi ya matokeo, akisema yule mama wa chai amefaulu, hesabu sitini na nane kwa mia.

"Si haba," Tut alisema. "Wewe ulimwanzisha, si ndiyo?"

Walimu wengine wakainamia madaftari yao, maana kila mmoja alijua. Lodu alihisi uso unawaka, vilevile kama siku ile mbele ya maturubai.

"Hapana," alisema. "Alianza mwenyewe." Akavuta kiti, akarudi kusahihisha.